Usukani Ukigoma Angani: Rubani Amefundishwa Nini?

Ukipanda ndege ndogo kutoka Pemba kuja Unguja na viti vikajaa, abiria mmoja hukaa mbele, bega kwa bega na rubani. Safari hii iliniangukia mimi. Tulikuwa uwanja wa Chake, asubuhi, jua bado halijawa kali, na begi la bibi aliyekaa nyuma yangu lilinukia karafuu mpaka macho yakawasha. Mbele ya magoti yangu palikuwa na usukani kamili, pacha wa ule wa rubani, ambao hucheza pamoja nao. Neno lake la kwanza kwangu likawa: "Maalim, huo usiuguse. Ukiuona unajizungusha usishtuke, ni mimi."

Kabla hatujaingia barabara ya kurukia akafanya jambo dogo ambalo nusu ya abiria hawakuliona. Aliushika usukani, gumba limesimama, akauzungusha kushoto. Akageuza shingo akatazama bawa la kushoto. Akauzungusha kulia, gumba lingine juu, akachungulia bawa la kulia kupitia mbele ya pua yangu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Gumba linapoelekea ndiko kibao kinakotakiwa kunyanyuka," akasema. "Kikinyanyuka cha upande mwengine, sote tunashuka tunakwenda kunywa chai."

Nafundisha fizikia sekondari. Kila mwaka tukifika somo la mwinuo wa bawa, yupo mwanafunzi wa kiti cha nyuma atakayeuliza: Maalim, usukani wa ndege ukikatika huko juu? Kwa miaka nimekuwa nikijibu kwamba marubani wamefundishwa. Jibu hilo ni kweli nusu, na makala haya ni ya nusu ya pili.

Kutoka mkononi hadi mkiani

Gari hugeuka kwa sababu tairi limeikamata ardhi. Ndege haina cha kukamata ila hewa, kwa hiyo hugeuka kwa kuipinda hewa inayopita. Karibu na ncha za mbawa kuna vibao viwili, eleroni: kimoja kikipanda chengine hushuka, na ndege hulalia upande. Kwenye mkia uliolala kuna eleveta, inayoinua pua na kuishusha. Kwenye mkia uliosimama kuna kibao kipana ambacho fundi yeyote wa Nungwi atakitambua bila kuambiwa: ndio usukani wa jahazi, umefungwa tezini, ila huku huendeshwa kwa miguu badala ya kana. Kuna pia flapu, zinazoteremshwa wakati wa kutua ili bawa liweze kubeba mzigo kwa kasi ndogo. Na kuna trimu, inayoishikilia pua mahali pake ili rubani asivute usukani muda wote; nitairudia mwishoni kwa sababu ndiyo iliyonifelisha.

Amri ya mkono hufikaje huko? Kwenye ndege kama ile ya Caravan tuliyopanda, husafiri kwa waya wa chuma unaopita kwenye kapi, kama kamba ya tanga. Hata ATR zinazotuletea abiria kutoka Dar, pamoja na ukubwa wake, huvutwa kwa nguvu za mikono ya rubani. Kwenye ndege kubwa zinazoleta watalii, hewa inayopiga vibao ina nguvu kuliko msuli wa binaadamu, kwa hiyo kazi hufanywa na mafuta yaliyo kwenye shinikizo, yaani haidroliki. Na kwenye baadhi ya ndege mpya mkono hausemi na kibao kabisa. Unasema na kompyuta, na kompyuta ndiyo inayopeleka ujumbe. Kila kiungo kilichopo kati ya mkono na kibao ni mahali pengine pa kuharibika.

Mtihani unaojulikana majibu yake

Rubani wa shirika la ndege hupimwa mara 2 kwa mwaka. Kwa ndege kubwa huwekwa kwenye simuleta, chumba cha rubani kamili kilichosimamishwa juu ya miguu inayokitikisa na kukiinamisha, na madirishani mna picha ya uwanja na mawingu. Simuleta hizo hazipo visiwani. Marubani wetu huzifuata nje, miji kama Addis Ababa, Nairobi na Johannesburg. Saa zake ni ghali, na kila dakika imeshapangiwa kazi kabla rubani hajafunga mkanda.

Katika dakika hizo yupo mgeni asiyekosa: injini kufa wakati wa kuruka. Ndege imeshika kasi, imepita pale ambapo haiwezi tena kusimama ndani ya barabara iliyobaki, na mwalimu aliyekaa nyuma anabonyeza kitufe. Injini moja inazimika. Rubani anakanyaga pedali, anaituliza pua, magurudumu yanakunjwa, ndege inapanda kwa injini iliyobaki. Ameshafanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba ukimuamsha saa nane za usiku atafanya na shuka begani.

Zoezi hili lilipata heshima yake zama za injini za pistoni, zilizokuwa zikifa mara kwa mara. Injini za tabo zikaja, zikawa haziharibiki ovyo, lakini mtihani ukabaki na kiti chake cha mbele. Sisemi uondolewe. Nasema umekalia nafasi ya wengine.

Na ni mtihani mwepesi kwa maana moja: injini iliyokufa ina jina. Saa zake zinashuka, taa inawaka, kitabu cha dharura kina ukurasa wake, na rubani anajua kabla ya kuanza kwamba akifanya hatua zile ndege itaruka. Usukani hauko hivyo. Kibao kinaweza kukwama. Waya unaweza kukatika, au kufungwa kinyume. Mota ya trimu inaweza kukimbia yenyewe na kuishusha pua. Haidroliki inaweza kuvuja. Kinachofika mkononi mwa rubani katika yote hayo ni kitu kimoja: ndege haifanyi nilichoiambia. Vitabu vya dharura vina kurasa za baadhi ya hali hizi, lakini ukurasa haukusaidii mpaka uwe umeshajua ugonjwa gani umekupata, na hapo kwenye kujua ndipo somo lilipo jembamba.

Saa moja na nusu juu ya Ureno

Mzaha wa rubani wangu kuhusu chai una ndugu yake wa kweli. Tarehe 11 Novemba 2018, ndege aina ya Embraer 190 ya shirika la Air Astana la Kazakhstan ilitoka kwenye matengenezo makubwa huko Alverca, karibu na Lisbon. Ndani walikuwamo watu 6, marubani na mafundi, hakuna abiria. Waya za eleroni zilikuwa zimefungwa kinyume. Wakati wa matengenezo mfumo wa ndege ulikuwa umetoa ujumbe wa onyo, mafundi wakahangaika nao kwa siku kadhaa bila kufika kwenye mzizi. Ukaguzi wa kabla ya kuruka nao ukapita bila mtu kugundua. Kwenye ndege ile huwezi kugeuza shingo ukaziona eleroni. Unategemea picha ya kwenye skrini.

Wakaruka. Wakataka kulia, ndege ikaenda kushoto. Wakasahihisha, ikazidi.

Jaribu kuuweka mwili wako pale. Baiskeli ambayo ukiikata kulia inakwenda kushoto itakuangusha kabla hujafika mlango wa jirani, na hiyo iko juu ya ardhi. Wao walikuwa ndani ya mawingu, ndege inabingirika, chuma kinalia. Waliomba waelekezwe baharini wakatue majini. Kitabu kilichokuwa mapajani mwao hakikuwa na ukurasa wa "eleroni zimefungwa kinyume", kwa sababu aliyeandika kitabu hakutarajia jambo hilo lifike angani.

Kilichowaokoa ni kwamba baada ya ule mtafaruku wa mwanzo walianza kuichunguza ndege kama mganga anavyomshika mgonjwa: ukifanya hivi inajibu vipi, ukiacha inakuwaje. Wakaamua kuiondoa kompyuta kwenye uendeshaji, mkono useme na vibao moja kwa moja. Ndege ikawa na nafuu. Ikawa kumbe tabu nyingine ilitokana na breki za juu ya bawa, ambazo husaidiana na eleroni kuilaza ndege, zilizokuwa zikifuata amri sahihi wakati eleroni zinafuata kinyume, viungo viwili vya mwili mmoja vikigombana. Ndege mbili za kivita za F-16 zikaja kuwasindikiza hadi uwanja wa Beja, ulio katika nchi tambarare. Mara 2 walijaribu kutua wakashindwa. Ya 3 wakagusa ardhi, hata barabara yenyewe si ile waliyoikusudia. Hakuna aliyekufa.

Naipenda habari hii kuliko zote kwa sababu inaonesha kitu ambacho mtihani wa injini hauwezi kukipima. Wale watu hawakukumbuka jibu, walilitafuta.

Kasi uliyonayo ni mali

Marubani wengi wa jeshi hufundishwa tabia moja: ndege ikipata jeraha, usikimbilie uwanja. Panda juu, kwenye hewa ya kutosha, kisha ijaribu. Punguza kasi kidogo kidogo. Teremsha flapu hatua ya kwanza. Inakubali? Endelea. Imeanza kubingirika? Rudi ulipotoka, kasi ile ya mwisho iliyokutii ndiyo utakayotua nayo, hata kama ni kubwa kuliko ya kitabu. Jaribio hili huchukua dakika chache. Katika mafunzo ya marubani wa abiria halina nafasi kubwa, na ukiuliza sababu utaambiwa kwamba ratiba imejaa.

Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al, Boeing 747, iliondoka Amsterdam. Injini moja ya bawa la kulia ilikatika, ikaigonga jirani yake, zote mbili zikaanguka na kipande cha ukingo wa bawa. Marubani waliona kwenye saa kwamba injini 2 hazifanyi kazi. Kwamba hazipo kabisa, na kwamba bawa limeumia, kutoka kwenye viti vyao hawakuweza kuona. Kwa kasi kubwa ndege ilikuwa ikitii, tena ikazunguka vizuri kurudi uwanjani. Walipopunguza kasi ili watue, bawa lililojeruhiwa likashindwa kubeba upande wake, ndege ikabingirika ikaanguka juu ya majengo ya ghorofa ya mtaa wa Bijlmer. Walikufa watu 43, na 39 kati yao walikuwa chini, majumbani mwao. Walichokijua ni injini kufa, na kwa injini kufa walikuwa wamefundishwa.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 12 Juni 1972, ndege ya abiria aina ya DC-10 ya American Airlines ilikuwa juu ya Windsor, Kanada, mlango wa mizigo ulipofyatuka. Sakafu ikabonyea na waya za usukani zilizopita chini yake zikaumia. Kepteni Bryce McCormick aliishusha Detroit watu wote 67 wakiwa hai, akigeuza na kusawazisha kwa kuongeza na kupunguza injini. Alijuaje? Alipokuwa akijifunza DC-10 alipata wasiwasi wake mwenyewe: haidroliki zote zikienda, nitafanyaje? Akatumia muda wa simuleta kujaribu kuendesha kwa injini peke yake. Hakuna aliyemtuma.

Miaka 17 baadaye, tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United ilipoteza haidroliki zote 3 baada ya injini ya mkiani kupasuka. Kati ya abiria alikuwamo mwalimu wa marubani, Denny Fitch, aliyekwenda mbele kusaidia na akapewa kazi ya kushika injini. Naye, baada ya ajali ya Japan ya mwaka 1985, ya ndege iliyopoteza haidroliki zote na kuua watu 520, alikuwa amejiuliza swali lile lile na kulijaribu kwenye simuleta. Ndege ilifika Sioux City ikavunjika barabarani. Watu 112 walikufa na 184 wakapona, idadi ambayo wataalamu hawakuitegemea.

Mtu wa pwani haoni ajabu. Jahazi likivunjika usukani, nahodha hulegeza na kukaza demani, akatia kasia, akaligeuza kwa tanga. Lakini nahodha huyo alianza kulicheza tanga tangu mtoto, tena upepo wa kusi hautozi kwa saa.

Baada ya Sioux City wachunguzi waliwaweka marubani wengine kwenye simuleta warudie. Hawakuweza kutua salama, na hitimisho likawa kwamba zoezi la kutua hivyo halifundishiki. Wengi hulitumia hitimisho hilo kufunga mjadala, na mimi naona wanalisoma vibaya. Kutua hakufundishiki, sawa. Kuikabili ndege usiyoijua bila kuganda, hilo McCormick na Fitch walikuwa wamejifundisha wenyewe, kwa udadisi, nje ya ratiba.

Sekunde chache zilizoandikwa ofisini

Ajali za Boeing 737 MAX zinatugusa karibu zaidi. Lion Air, tarehe 29 Oktoba 2018, watu 189. Ethiopian, tarehe 10 Machi 2019, ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, watu 157, na 32 kati yao Wakenya. Mengi yamesemwa kuhusu programu iliyoitwa MCAS, iliyokuwa ikiusogeza mkia na kuishusha pua kwa kutegemea kihisio kimoja kilichotoa taarifa ya uongo. Hapa nataka upande wa mafunzo tu.

Marubani waliohama kutoka 737 ya zamani kwenda MAX walisomeshwa kwa kompyuta, bila simuleta, na kitabu chao hakikuitaja MCAS. Hoja ilikuwa kwamba hawahitaji kuijua: ikikosea itafanana na trimu inayokimbia yenyewe, na trimu inayokimbia ina ukurasa wake, zima swichi 2, zungusha gurudumu la trimu kwa mkono. Tena ikachukuliwa kwamba rubani atatambua na kujibu ndani ya sekunde chache. Uchunguzi wa Bunge la Marekani ulionesha kwamba mwaka 2012 rubani wa majaribio wa Boeing mwenyewe alitumia zaidi ya sekunde 10 kwenye simuleta.

Hesabu ya sekunde hufanywa ofisini, kwenye kiti kisichotikisika. Marubani wa Ethiopian walikuwa na usukani unaotetemeka kuonya kwamba ndege inakosa mwinuo, saa za kasi za pande 2 zinazopingana, na pua inayozama, yote kwa pamoja. Na hata hivyo walizima zile swichi. Kisha wakashika gurudumu la mkono, likakataa. Kasi ilikuwa kubwa mno. Hewa imeubana mkia na nguvu za mikono hazitoshi. Simuleta za MAX hazikuwa zikionesha sawasawa uzito huo, jambo ambalo kampuni ililikiri na kulirekebisha Mei 2019. Ina maana rubani angeweza kufaulu zoezi lile kwenye mashine na bado akute angani gurudumu ambalo hajawahi kulishika.

Kabla ya ajali ya Lion Air, ndege ile ile ilipata hitilafu ile ile usiku uliotangulia, ikitoka Denpasar. Ikafika Jakarta salama. Tofauti moja ilikuwa rubani wa tatu aliyepanda kama abiria, kakaa kiti cha nyuma ya wenzake. Mikono yake haikuwa ikipigana na chochote, kwa hiyo macho yake yalipata nafasi ya kuona gurudumu la trimu likizunguka.

Mikono miwili, usukani mmoja

ATR ni ndege tunayoipanda sote, basi nisimalize bila yake. Eleveta yake ina nusu 2 zilizounganishwa kwa kiungo kilichotengenezwa kuachia kikivutwa kwa nguvu sana: upande mmoja ukikwama, mwengine ubaki huru. Kwenye kitabu kiungo hicho kimekaa kama dawa ya kukwama. Tarehe 20 Februari 2014, ATR 72 ikishuka kwenda Sydney, kasi ilipanda ghafla kwa mabadiliko ya upepo. Marubani wote 2 wakajikuta wameshika usukani kwa wakati mmoja, kila mmoja na lake, na ikafika sekunde mmoja anavuta mwengine anasukuma. Hakuna kilichokuwa kimekwama, lakini kiungo kikaachia. Mhudumu mmoja alivunjika mguu, mkia ukaumia vibaya, na ndege ikaruka safari 13 zaidi katika siku 5 kabla ya mtu kuyaona madhara.

Kuna la kutisha zaidi: mafunzo yenyewe kuwa chanzo. Tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300 ya American Airlines iliondoka New York ikapita kwenye hewa iliyovurugwa na ndege iliyotangulia. Rubani msaidizi akakanyaga pedali za mkia huku na huku, kwa nguvu, mpaka mkia ukakatika. Walikufa watu 265. Wachunguzi walipoyafuata mafunzo ya shirika walikuta zoezi la simuleta ambamo ndege inabingirishwa na hewa chafu, na mashine inazuia kwa muda amri za rubani zisifanye kazi ili ubingirikaji ukolee. Rubani anatoka pale ameamini mambo 2 ya uongo: hewa ya namna hiyo huipindua ndege kubwa, na dawa yake ni kukanyaga sana. Somo lilitolewa kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana wakufunzi waangalifu husita kuingiza usukani uliovunjika kwenye simuleta. Mashine inajua yale yaliyopimwa na ndege za majaribio, na hakuna aliyewahi kupima ndege isiyo na nusu ya mkia. Ikifika hapo simuleta inabahatisha, tena kwa picha nzuri.

Kuna yaliyosogea. Kuanzia Novemba 2014 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, liliweka kanuni za kuwafundisha marubani kuzuia na kuirekebisha ndege iliyopinduka au kukosa mwinuo. Marekani ilizitaka kampuni zake ziwe tayari ifikapo Machi 2019, na Ulaya mwishoni mwa mwaka huo ikawataka wanafunzi wakafanye mazoezi hayo ndani ya ndege ya kweli. MAX, iliyozuiwa kuruka baada ya ajali zile 2, iliporuhusiwa tena, simuleta ikawa lazima. Lakini yasome mazoezi hayo ya kupinduka kwa makini: karibu yote huanza na ndege nzima. Imelala ubavu, pua iko chini, sawa, ila usukani unatii. Hilo ndilo pengo, na bado liko wazi.

Trimu

Tulipotua Unguja wenzangu wakaenda kusubiri mizigo. Nikamuuliza rubani: wewe usukani wako ukigoma, ulifundishwa nini? Hakujibu. Aliniambia niende nyuma, nisimame pembeni ya mkia, nitazame. Yeye ndani akazungusha gurudumu la trimu lililo karibu na goti lake. Kwenye ukingo wa eleveta kuna kijibao kidogo, upana wa rula mbili. Kikashuka.

"Hapo nimeomba pua juu," akapaza sauti. "Kijibao kikishuka, hewa inaisukuma eleveta ipande. Sasa waya umekatika, usukani umelegea kama kamba ya kisima isiyo na ndoo. Nazungusha wapi nipate pua juu?"

Nikasema vile vile. Eleveta iko huru, kijibao kitaisukuma.

"Vizuri, Maalim. Sasa haikukatika, imekwama. Usukani mgumu kama umetiwa saruji. Nazungusha wapi?"

Nikasema vile vile. Akacheka, akanyamaza kunisubiri, na nikabaki nimekitazama kile kijibao pengine dakika nzima, mimi mwenye miaka yote hii ya ubao na chaki. Eleveta imekwama, haisukumiki. Kwa hiyo kijibao chenyewe ndicho eleveta sasa, eleveta ndogo sana, na kikishuka kinaunyanyua mkia. Pua inakwenda chini. Gurudumu lile lile, kinyume chake.

"Alikuonesha nani?" nikamuuliza.

"Mzee mmoja. Tulikuwa tunarudi watupu kutoka Pemba. Aliushika usukani akaukaza, akaniambia nipande futi mia mbili kwa trimu. Nikashuka."

Abiria wa safari iliyofuata walikuwa wameshaanza kutoka jengoni, kijana mmoja mbele yao anakimbilia kiti cha mbele. Nilichukua begi langu. Nilipofika mlangoni niligeuka nikamuona kupitia kioo: gumba juu, shingo kushoto, na kibao cha bawa la kushoto kikanyanyuka.